Fimbo ya Fundi Jecha na Mafundo Yangu Kumi na Mawili

Nimerudi. Naanza na hilo kwa sababu kuna watu hapo barazani, majina sitaji, Sleiman mwenyewe unajijua, waliokuwa wakisema nitafika uwanja wa ndege, nitaona ndege ilivyo, kisha nitageuka nirudi nikanywe kahawa. Sikugeuka. Nilifika Dubai na nimerudi mzima, na kila nikianza kusimulia mnanikatiza kabla sijaondoka Unguja. Basi safari hii nimeandika, someni wenyewe kwa zamu. Kuandika huku nimetakiwa pia na mtu mwingine, mtamjua mbele.

Barazani hadi uwanja wa ndege

Anayenisoma bila kunijua, mimi naitwa Vuai. Nina miaka hamsini na moja, nilisoma mpaka kidato cha nne, nauza balbu na swichi. Kabla ya safari hii, mbali kuliko kote nilikofika ni Pemba, na huko nililalamika siku zote nne. Nyumba ninayokaa aliijenga babu wa babu yangu, Fundi Jecha, mjenzi mkuu wa majumba ya masultani. Yeye aliwajengea wafalme. Mimi nikipigilia msumari, ukuta ndio unaoamua msumari uingie wapi.

Nyumba hiyo ndiyo iliyonitoa. Ukuta wa ghorofani umetoka tumbo, mmeuona wote, na wakaguzi wa majengo walikwishasema: ama utengenezwe kabla ya masika, ama nyumba ivunjwe. Nikamwita Fundi Shaame, ambaye ndiye pekee aliyebaki anayezijua kuta za mawe na chokaa. Akaugongagonga ukuta kama daktari.

"Ndani humu Fundi Jecha alilaza boriti," akasema. "Zimefichwa na mawe, ndizo zinazoushika ukuta kama mshipi. Moja imeoza. Nikitoboa ilipo, nitaitoa nitie mpya, khalas. Nikitoboa pasipokuwa, nitakata mawe yanayobeba dari."

"Na itakuwaje?"

"Utauza balbu zako uwanjani, hutakuwa na mahali pa kuzitundika."

Tatizo ni kwamba Fundi Jecha hakuandika kitu. Alikuwa na fimbo yake ya kupimia, urefu wake dhiraa mbili, kwa maana ya mkono wake yeye kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, mara mbili. Ina pande nne, na kila jengo alilichongea alama upande wake: boriti iko hapa, na hapa, na hapa. Bila fimbo hiyo, ukuta wetu ni barua iliyofungwa. Na fimbo ilikuwa Dubai, kwa Bi Zuhura, shangazi yangu wa mbali kidogo. Kila akipigiwa simu juu ya fimbo, hukata. Mara ya mwisho alimwambia dada yangu, "Anayeitaka aje na uso wake."

Uso ukapatikana kuwa wangu.

Fundi Shaame alinipa uzi wa kujengea, kibunda kizima. "Akikunyima fimbo, laza uzi juu yake, penye alama piga fundo. Namba usiniletee."

"Kwa nini nisilete namba?"

"Dirisha lile ulilonipimia, Vuai, halikuingia kwako, halikuingia kwa jirani. Lete uzi."

Nairobi, na safari za Kisumu

Nairobi tulitua asubuhi, tukaambiwa kuna ukungu, ndege zinasubiri. Tukasubiri saa saba. Kila kipaza sauti kilipolia nilisimama na mkoba wangu. Mara ya nne, kijana aliyekaa pembeni yangu akanishika shati.

"Mzee wangu, keti. Hiyo ni ya Kisumu tena."

Nadhani hakuna mtu wa Unguja aliyeikaribia Kisumu kama mimi siku ile.

Kijana huyo ni Mutiso, Mkamba wa Machakos, analinda jengo Dubai sehemu inayoitwa Al Jaddaf. Alikuwa anatoka likizo. Akafungua mkebe aliofungiwa na mama yake, chapati na ndengu, akanimegea nusu bila kuniuliza. Mimi nilikuwa na mikate ya mofa kumi na miwili ya kumpelekea Bi Zuhura. Tulipoitwa, ilikuwa imebaki minane.

"Na unaenda kufanya nini Dubai, mzee? Kazi?"

"Kufuata fimbo."

Akanitazama. "Fimbo?"

"Ya babu."

"Sawa," akasema taratibu, akarudi kwenye chapati yake. Baada ya kitambo: "Si huko kwenu kuna miti?"

Nikamweleza yote. Akacheka mpaka akaweka mkebe chini, lakini akaniandikia namba yake. "Ukikwama, nipigie. Nikiwa zamu niko jengoni, nikiwa off niko Muhaisnah kwa nyumba za kampuni. Dubai huwezi potea, mzee. Ni kuzungushwa tu."

Saa mbili pembeni ya jina langu

Alikosea. Inawezekana kupotea Dubai umesimama.

Mtoto wa Bi Zuhura alituma dereva anipokee, mwenye karatasi ya jina langu. Nikatoka, nikasoma karatasi zote: Vuai hakuna. Nikakaa kwenye benchi karibu na bwana mmoja aliyeshika karatasi ya mtu mwingine kabisa, nikamhurumia, maana mgeni wake alikuwa haji. Tukakaa hivyo saa mbili. Tukafika hadi ya kutazamana na kutikisiana vichwa. Mwishowe nikatoa pasi yangu kuitazama tarehe tu, naye akachungulia, akaruka.

"Mohamed Makame! Wewe!"

Ni kweli, ni mimi. Ndilo jina langu la pasi. Miaka arubaini na kitu hakuna aliyeniita hivyo isipokuwa mwalimu wa zamu, na hakuwa akiniita kwa heri.

Garhoud, kwa Bi Zuhura

Bi Zuhura anakaa Garhoud, karibu na uwanja wa ndege, nyumba ya chini yenye ua. Ndege zinapita juu kila baada ya muda. Ikipita, mazungumzo yanasimama, ikiondoka yanaendelea pale pale, kama mtu aliyemeza mate. Mlango ulifunguliwa na Nakato, dada wa Kiganda anayemsaidia kazi.

"Karibu, ssebo. Madam anakungoja tangu asubuhi. Amekasirika kidogo, lakini ni ya kawaida."

Bi Zuhura ni mwembamba, mweupe wa kichwa, amekaa wima kwenye kiti kama amepimwa kwa timazi. Hajakaa Unguja tangu mtoto, lakini ukifumba macho, unamsikia mtu wa Malindi yetu ya Unguja.

"Shikamoo shangazi." Nikamkabidhi kifurushi cha mikate, akaihesabu.

"Marahaba. Mikate minane?"

"Ilikuwa kumi na miwili."

"Hesabu ya ukoo wenu naijua. Kaa."

Nakato akaleta biriani, na boko boko ya ngano na nyama, na sahani ya tatu ambayo sikuiuliza nikaila. Nyumba ilikuwa na baridi ya kiyoyozi mpaka nikajifunga kikoi mabegani. Nilipoanza kuona raha, Bi Zuhura akanyoosha mkono nyuma ya kabati, akatoa fimbo, akailaza mapajani. Nyeusi, imeng'aa kwa kushikwa. Upande mmoja una tundu dogo mwanzoni. "Huu ndio wa nyumba yenu," akasema. "Sasa niambie. Huko kwenu mnasemaje, fimbo hii ilifikaje kwetu?"

Hapa ndipo mliponiponza nyinyi. Mnajua tunavyosema. Tunasema Fundi Jecha alijenga majumba matatu ya Sultani, akapewa farasi, na alipozeeka mke wa ndugu yake akachukua fimbo akaenda nayo Arabuni. Nikaanza kuzungukazunguka.

"Tunasema... mke wa mdogo wake, Bi Rehema... alisafiri nayo."

"Alisafiri nayo."

"Ee."

"Aliiba. Sema neno lenyewe, huogopi kula biriani yangu unaogopa neno?"

Ndege ikapita. Sijawahi kuipenda ndege kama ile. Ilipokwisha, akasema, "Fimbo haitoki hapa. Bi Rehema ni bibi wa bibi yangu. Pima unachotaka, uende zako, inshallah salama."

Basi nikatoa uzi wa Fundi Shaame. Nikaunyoosha juu ya upande wenye tundu, nikatia nukta kwa kalamu kila penye alama. Nukta kumi na mbili. Halafu nikakaa kitako kwenye zulia, fimbo imekwisharudi kabatini, nikapiga mafundo yangu, moja baada ya jingine, makubwa, ya kuonekana. Nikajisikia mjenzi. Nikapiga picha ya uzi, nikamtumia Fundi Shaame. Akajibu: "Picha haina urefu. Uje nao."

Al Jaddaf, mchana wa jua

Siku mbili kabla ya kurudi nilimpigia Mutiso nimuage. Alikuwa anamaliza zamu ya asubuhi. Jengo analolinda liko ukingoni mwa Khor, ule mkono wa bahari unaoingia mjini, limeng'aa kioo kitupu, na chini yake, hatua chache tu, kuna yadi za kuunda majahazi. Ghorofa arubaini zinatazama chini watu wanapiga misumari kwa mkono.

"Twende uone mafundi wa ukweli, mzee," Mutiso akasema. "Si wale wa balbu."

Jua lilikuwa limekaa juu ya vichwa vyetu kabisa. Kuna fundi mmoja mtu mzima, Mhindi wa Gujarat, aliyekuwa ameketi kivulini mwa ubavu wa chombo akinywa chai. Mutiso anamjua, husalimiana naye kila siku kwa Kiingereza kidogo na Kiarabu kidogo. Akamwonyesha uzi wangu kwa fahari, kama ni wake: "Babu wa huyu alijenga nyumba za king. Hii ni measurement."

Fundi akaufuta mkono kwenye shati, akaupokea uzi. Akazitazama nukta. Akayatazama mafundo. Akaniuliza kwa ishara: nukta kwanza, mafundo baadaye? Nikatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, kazi safi.

Akacheka. Si kicheko cha ubaya. Akakata kipande cha uzi wake, akakilaza kwenye ubao na kuweka alama mwisho wake. Akapiga fundo moja katikati, akakilaza tena. Mwisho ulikuwa umerudi nyuma upana wa kidole kizima. Akapiga la pili. Ukarudi tena. Kisha akanionyesha mafundo yangu, akihesabu kwa sauti, moja hadi kumi na mbili, na kila hesabu akisogeza kidole chake nyuma, nyuma, nyuma, mpaka akala karibu robo ya uzi wenyewe.

Mutiso alikuwa wa kwanza kuelewa. "Aki mzee. Fundo linakula uzi."

"Linakula?"

"Kila moja. Sasa ukienda hivi, huyo fundi wako atatoboa wapi?"

Niliketi juu ya gogo. Nikaona dari. Nikaona Fundi Shaame na nyundo yake, ameniamini kwa mara ya kwanza katika maisha yake, anapima kwa uzi wangu, anatoboa. Nikawaona nyinyi mmekaa chini yake, barazani, Sleiman na kikombe chake. Mzee wa yadi akanipa chai yake iliyobaki, tangawizi tupu, nikainywa yote.

Kidato cha nne, mjukuu wa mjenzi mkuu wa wafalme, na sikujua kwamba fundo lina unene.

Garhoud tena

Nilirudi kwa Bi Zuhura bila kupiga simu. Nakato alinifungulia, akaniona uso, akasema "Bambi," ndiyo pole ya kwao, akaenda kuniletea maji.

Nikamwambia Bi Zuhura kila kitu. Akaitoa fimbo, akalaza uzi pembeni yake mwenyewe, taratibu, tundu kwa fundo la kwanza. Fundo la pili lilikuwa limeanza kukosa. La kumi na mbili lilikuwa limeishia mahali ambapo fimbo haina hata mkwaruzo.

Kwanza mabega yake yakaanza kutikisika. Nikadhani analia. Akacheka mpaka akavua miwani, mpaka Nakato akaja mbio.

"Nakato, mtazame. Huyu ndiye damu ya Jecha!"

"Ninamwona, madam."

"Walikuwa wanajenga majumba!"

"Hata majumba hupata watu wa kufagia, madam," Nakato akasema, kwa nia ya kunitetea.

Alipopumua, akavaa miwani, ndege mbili zikapita. Kisha akasema, "Ukiondoka na uzi huo, nyumba itakuangukia, na watasema tena ni sisi. Sikiliza. Nakwambia mara moja."

Akanisimulia Fundi Jecha ambaye sisi hatumjui.

Jecha hakuwa peke yake. Mdogo wake, Haji, alikuwa mchoma chokaa, na sifa zote za kuta za Jecha zilitoka kwenye tanuu la Haji. Jumba la kwanza likasimama. Kisha nyumba yetu. Jumba la mwisho lilikuwa na roshani ndefu inayotazama bustani. Haji akamwambia kaka yake, chokaa hii changa, haijalala vya kutosha, iache. Sisi huku husema Sultani ndiye aliyeharakisha. "Sultani alikuwa safarini," Bi Zuhura akasema. "Jecha alitaka arudi aikute imekwisha, asifiwe." Haji ndiye aliyepanda kuondoa magogo ya kuishikilia. Roshani ikashuka naye.

Matanga yalipoanuliwa, Jecha alikwenda kwa mjane, Bi Rehema. Akailaza fimbo miguuni pake. Akamwambia mkono wake hautapima tena.

"Alimpa," akasema Bi Zuhura. "Kwa mkono wake. Hakuna aliyeiba. Na hakuna farasi."

"Halafu yeye Jecha akafanya nini?"

"Hakufanya kitu. Alikaa barazani mpaka akafa."

Kumbe kuna kitu nilichorithi.

Akainyanyua fimbo, akanipa. Nilipoigeuza nikaona: upande mmoja jumba la kwanza, upande mmoja wetu, upande mmoja jumba la roshani, alama zake zimechongwa vizuri kuliko zote. Upande wa nne ni laini, hauna kitu.

"Nenda nayo. Ikae na nyumba yake. Lakini hayo niliyokwambia uyaandike. Usiyaseme kwa mdomo, ya mdomo mtayaongezea farasi. Uandike, wasome."

Kwa hiyo mnasoma. Bi Rehema hakuiba. Nataka kila mtu aliyewahi kulisema neno hilo barazani kwangu, nikiwemo mimi, alimeze.

Kiti cha magurudumu

Mutiso alinionya: fimbo ya urefu ule haipandi ndege na abiria, labda iwe ya kutembelea. "Kwa hivyo chechemea."

Nikachechemea toka mlangoni mwa uwanja wa ndege. Sikufika mbali, akaja kijana wa Kiganda na kiti cha magurudumu, "Keti, mzee, keti," na kabla sijajieleza nilikuwa nimeketishwa, fimbo ya mjenzi wa wafalme mapajani, napita mbele ya foleni yote. Watu wazima kuliko mimi walikuwa wamesimama. Nilitamani nijifunike kikoi.

"Mguu ulipatwa na nini, mzee?"

"Roshani," nikasema. "Ilianguka, zamani sana."

"Pole sana."

Sikujisikia nimedanganya, na hilo ndilo lililonishangaza. Tatizo likawa baadaye, kwenye mlango wa ndege, niliposimama na kuchechemea mguu wa pili. Kijana aliutazama. Akanitazama mimi. Akatabasamu, akanikabidhi fimbo kwa mikono miwili.

Safari ya kurudi haikuwa na ukungu. Kisumu iliitwa mara moja tu, nikakaa.

Ukutani

Siku ya kutoboa mlikuwa mmesimama barabarani wote, mbali, kwa sababu mnajua kuniamini kulivyo. Fundi Shaame alisimamisha fimbo sakafuni, upande wenye tundu ukutani, akahesabu alama, akaipandisha juu mara moja zaidi, maana ukuta ni mrefu kuliko fimbo. Akatia alama ya mkaa. Akapiga patasi mara tatu, lipu ikadondoka, mawe madogo yakafuata. Nilikuwa nimefumba macho.

"Vuai."

Nikazidi kuyafumba.

"Fumbua, bwana. Iko hapa."

Boriti ilikuwa palepale, inchi haikuzidi, imeoza ncha moja kama alivyosema. Nilishuka ngazi nikakaa barazani. Sleiman akaniletea kahawa kwa mkono wake mwenyewe.

Jioni ukuta ulikuwa na boriti yake mpya, na wakaguzi walipokuja wiki iliyofuata waliupiga ngumi wakaenda zao. Masika haya hapa, yananyesha ninapoandika, na sioni tone ndani.

Jambo moja limebaki. Fundi Shaame aliigeuza fimbo, akapitisha kidole upande ule laini. "Hapa pana nafasi ya kazi hii," akasema. "Alama moja tu, ya boriti mpya. Atakayekuja baadaye ajue."

Nikaogopa. Si mti wangu. Nikampigia Bi Zuhura, na safari hii hakukata. Nikamweleza. Nikasikia ndege ikipita juu ya nyumba yake, nikasubiri imalizike.

"Chongeni," akasema.

"Ahsante, shangazi."

"Lakini usichonge wewe."